Mkaguzi akija, Kiswahili kisifichwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na wasomaji wako walioko Uingereza, hasa kina mama wanaolea watoto wa watu wengine nyumbani kwao kwa malipo, juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulipitia kwa hofu na wengi hulipitia peke yao. Jambo hilo ni ukaguzi wa kwanza wa Ofsted, idara ya serikali inayosajili na kukagua malezi ya watoto katika England. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Reading, nilisajiliwa mwaka 2021 na nikakaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tangu hapo nimepigiwa simu na kina dada wa Kitanzania na wa Kikenya wanaosubiri zamu yao, na maswali yao yamefanana kiasi kwamba nimeona ni heri niyajibu hadharani mara moja.

Kwa faida ya wasomaji walioko nyumbani, nieleze kwanza kazi yenyewe. Mlezi huyu si yaya. Yaya huenda kwa mwenye mtoto, lakini mlezi hupokea watoto nyumbani kwake, na sheria ya England inasema anayelea kwa malipo nyumbani kwake mtoto wa chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, lazima asajiliwe. Kwa kawaida haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya 6 wa chini ya miaka 8 kwa wakati mmoja. Kati yao wa chini ya miaka 5 wasizidi 3, na wa chini ya mwaka mmoja awe mmoja tu. Watoto wake mwenyewe wanahesabiwa humo. Wales na Scotland zina mamlaka zao na taratibu zao, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya England.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nimelisikia likirudiwa na wengine karibu neno kwa neno. Miezi mitatu kabla ya ukaguzi niliingia katika makaratasi. Niliandika sera ya kila kitu, sera ya chakula, ya mavazi, ya mvua, ya wageni, nyingine nikizinakili kwa mlezi mwenzangu ambaye naye alizinakili kwingine, nikazipanga katika mafaili saba ya rangi saba kwenye rafu ya sebuleni. Nilipaka rangi ukuta wa sebule. Nilinunua vitu vipya vya kuchezea ambavyo watoto hawakuvijali. Jioni ya mwisho nikafanya jambo ambalo hadi leo linaniuma: niliteremsha kanga niliyokuwa nimeitundika kwenye pembe ya kusomea, nikaifungia kabatini pamoja na vitabu vya picha vya Kiswahili, kisha nikawaambia watoto wawili ambao kwao huzungumzwa Kiswahili kwamba kesho tutasema Kiingereza tu, kwa kuwa tutakuwa na mgeni.

Mkaguzi alikuja. Mmoja wa watoto hao wawili, wa miaka mitatu, ambaye kila asubuhi huingia na habari zote za kwao, nani kakohoa usiku na nani kagoma kula, alikaa kimya tangu saa mbili na nusu hadi saa nne. Mkaguzi alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama siku zote mtoto huyu yuko hivyo. Nilielewa papo hapo kwamba nikisema ndiyo nitakuwa nimemsingizia mtoto wa watu, na nikisema hapana itanibidi nieleze kwa nini leo amebadilika. Nikasema kweli yote, pamoja na habari ya kanga. Akaniomba nifanye naye kile ambacho tungefanya siku nyingine yoyote. Nikapiga magoti karibu yake nikasema, "Kitendawili!" Akaitikia "Tega!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika kwa jirani. Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Alihesabu vifuniko vya chupa hadi kumi kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza hadi saba, akamwonyesha mkaguzi mahali kanga ilipokuwa na kumuuliza nani kaichukua.

Mafaili yangu saba hayakufunguliwa. Mkaguzi alitaka daftari la mahudhurio, daftari la ajali, kumbukumbu za dawa pamoja na ruhusa ya maandishi ya mzazi, cheti changu cha huduma ya kwanza kwa watoto, ambacho ni mafunzo ya saa 12 yanayorudiwa kila baada ya miaka 3, na bima. Muda uliobaki aliutumia kutazama, kusikiliza na kuuliza.

Baadaye ndipo nilipousoma tena mwongozo wa kitaifa wa malezi na elimu ya watoto wadogo, unaojulikana kwa herufi zake EYFS, nikaona kwamba jibu lilikuwa mkononi mwangu siku zote. Mwongozo huo ulianza kutumika mwaka 2008, na tangu Januari 2024 una toleo la walezi wa nyumbani peke yao. Unamtaka mlezi achukue hatua zinazofaa ili mtoto ambaye lugha ya kwao si Kiingereza apate nafasi ya kuikuza na kuitumia lugha hiyo katika kucheza na kujifunza, na wakati huohuo ahakikishe kwamba mtoto huyo anapata nafasi ya kutosha ya kujifunza Kiingereza kabla ya kuanza darasa la kwanza. Mambo hayo mawili yanadaiwa pamoja. Anayeficha Kiswahili mbele ya mkaguzi anaficha kitu ambacho kanuni zenyewe zinamdai akionyeshe. Aidha, mwongozo haumlazimishi mlezi wa nyumbani kuwa na sera zilizoandikwa. Unamtaka aweze kuzieleza kwa wazazi na kwa mkaguzi. Miezi mitatu ya kunakili ingetosha kabisa kujifunza kueleza.

Na kueleza ndiko kunakotushinda wengi wetu. Tumelelewa tukijua kwamba mbele ya mkubwa maneno machache ndiyo adabu, na kwamba anayejieleza sana anajisifu. Mkaguzi anauliza kwa nini mtoto huyu amepewa beseni la maji na vikombe asubuhi hii. Tunajibu kwamba anapenda maji, kisha tunanyamaza tukingoja swali jingine. Mlezi anayeijua kazi yake anajua mengi zaidi ya hayo. Anajua kwamba mtoto huyo ana miaka miwili, kwamba wiki tatu zilizopita alikuwa akimwaga kikombe kizima sakafuni na sasa anaweza kujaza nusu na kusimamisha mkono, kwamba mkono huo ndio utakaoshika penseli baadaye, na kwamba kwenye beseni hilo amejifunza kusema jaa, tupu, nusu na tena katika lugha mbili. Anajua pia hatua anayotaka kumfikisha mwezi ujao. Hayo yote yamo kichwani mwake, lakini mkaguzi hawezi kuyaandika asipoyasikia.

Ushauri wangu kwa hili ni wa kawaida sana, nao ulimsaidia mwenzangu mmoja wa Mombasa kuliko kitabu chochote. Chukua mtoto mmoja, osha vyombo huku ukimsimulia kwa sauti na kwa Kiingereza: alipokuja kwako alikuwa anaweza nini, sasa anaweza nini, umefanya nini katikati, na unataka afike wapi. Kesho chukua mwingine. Ukikwama, utajua ni mtoto gani humjui vizuri, na hapo ndipo maandalizi ya kweli yanapoanza. Sheria inamtaka mlezi awe na Kiingereza cha kumwezesha kulea, kuandika kumbukumbu na kuita msaada wakati wa dharura. Lafudhi ya Tanga, ya Unguja au ya Kisumu haikukatazwa popote. Mtoto aliye kati ya miaka 2 na 3 lazima pia aandikiwe muhtasari mfupi wa maendeleo yake apewe mzazi. Huo usiandikwe usiku wa kuamkia ukaguzi, maana mkaguzi anaweza kumuuliza mzazi aliupata lini.

Yapo mambo mengine yanayotugusa sisi kwa namna yetu, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu vitabu vya Kiingereza havitayasema.

La kwanza ni wageni. Sisi ni watu wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mdogo wangu alipokuja kutoka Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, haikunijia kabisa kwamba kulala kwake chumba cha nyuma kunaihusu Ofsted. Kunaihusu. Kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anayeishi katika nyumba ya malezi lazima afanyiwe uhakiki wa kumbukumbu za uhalifu, na mlezi anatakiwa kuiarifu Ofsted ndani ya siku 14 mtu mpya anapohamia. Hata mwanao mwenyewe, siku anapotimiza miaka 16, anaingia katika hesabu hiyo, na wapo walionaswa na hili kwa sababu tu mtoto wao aliwakulia mbele ya macho yao. Vivyo hivyo shangazi anayekuletea mwanawe asubuhi na kusema umshikie kidogo mpaka arudi sokoni: mtoto huyo hulipwi, lakini akiwa mikononi mwako anahesabiwa katika wale 6, na akiwa wa chini ya miaka 5 anahesabiwa katika wale 3. Kumkatalia ndugu ni aibu kwetu. Najua. Lakini ni afadhali aelezwe mapema, kabla hajabisha hodi, kwamba mlango huu mchana ni wa kazi.

La pili ni adhabu. Mwongozo unapiga marufuku kumpiga mtoto, na pia kumtishia kwamba atapigwa. Najua walezi wa kwetu ambao hawajawahi kumgusa mtoto wa mtu, lakini neno "nitakuchapa" huwatoka kama pumzi, bila kukusudia lolote. Neno hilo liachwe kabisa miezi mingi kabla ya ukaguzi, tena liachwe kwa sababu ya watoto wenyewe, ambao wanalisikia hata sisi tusipolisikia. Mkaguzi atauliza unafanya nini mtoto anapomuuma mwenzake, na jibu lazima liwe kile unachofanya kweli.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Ulinzi wa mtoto ndilo eneo ambalo mlezi hawezi kufidia upungufu wake kwa uzuri wa mengine. Utaulizwa utafanya nini mtoto akija na alama mwilini, au akisema neno la kutia shaka, au mzazi akilalamika juu ya mumeo. Malezi yetu yametufundisha kwamba mambo ya ndani ya nyumba ya mtu yabaki ndani, na kwamba jambo zito huanzia kwa wazee. Hapa haliendi hivyo. Unaandika ulichokiona na ulichokisikia, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, siku hiyohiyo. Unawasiliana na idara ya watoto ya halmashauri yako. Humhoji mtoto kama polisi, na hulipeleki kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya. Tuhuma ikimhusu mtu wa nyumbani kwako, halmashauri na Ofsted lazima ziambiwe, hata kama huiamini. Mkaguzi anaweza pia kuuliza juu ya ukeketaji, na asituudhi kwa kuuliza. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kitendo hicho pamoja na kumsafirisha binti nje ya nchi ili akafanyiwe, na mlezi wa Afrika Mashariki anayetambua maana ya mazungumzo ya wakubwa kuhusu safari ya likizo ana nafasi ya kumwokoa mtoto ambayo jirani wa Kiingereza hana. Namba ya simu ya idara ya watoto ikae mahali unapoifikia bila kutafuta. Mimi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe.

Chakula nitakipitia kwa ufupi, ingawa ndicho walezi wenzangu hupenda kunionyesha kwenye simu. Uji, chapati na ndizi za kupika si tatizo hata kidogo. Angalia mambo machache: asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kama bibi yake ameagiza itiwe kwenye uji, karanga nzima na bisi haziwafai wadogo, zabibu zinakatwa kwa urefu, na mtoto anapokula lazima umwone na umsikie, maana anayepaliwa anaweza asitoe sauti yoyote. Mzio unaulizwa kabla mtoto hajapokelewa. Kichanga kinalazwa chali mahali pake palipo wazi, bila mto, na kama mzazi amemfunga hirizi au shanga shingoni, mweleze kwa heshima kwamba wakati wa kulala itavuliwa, ukimwambia sababu ni kamba yenyewe na kwamba imani yake huigusi.

Wanaojiandaa sasa wanapaswa kujua pia kwamba utaratibu umebadilika tangu mimi nikaguliwe. Wakati wangu ulipewa daraja moja la jumla, na ukaguzi wa kwanza ungeweza kufika hata miezi 30 baada ya usajili. Tangu Novemba 2025 Ofsted imeacha daraja moja. Sasa inatoa kadi ya taarifa inayopima maeneo mbalimbali kwa ngazi tano, kuanzia kuhitaji marekebisho ya haraka hadi kuwa wa kipekee, na ulinzi wa mtoto peke yake unaandikwa kwamba umetimizwa au haujatimizwa. Muda wa kusubiri nao, kwa mpango uliotangazwa mwaka 2025, unafupishwa hadi miezi 18 kwa wanaoanza. Ninalotaka wenzangu walitambue ni kwamba ujumuishi sasa ni eneo linalojitegemea katika kadi hiyo, maana yake mkaguzi atatazama jinsi kila mtoto anavyopewa nafasi yake, akiwemo yule ambaye kwao hawazungumzi Kiingereza. Mlezi wa Kiswahili ana la kuonyesha hapo.

Nimeandika kwa uchungu kidogo, Mhariri, kwa sababu nimewaona wawili wakirudisha usajili wao kabla hata mkaguzi hajapiga simu. Wote wawili walikuwa walezi wazuri kuliko mimi. Mmoja aliniambia hawezi kusimama mbele ya mzungu akaulizwa maswali kama yuko mahakamani. Idadi ya walezi wa nyumbani katika England imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 2012, na wakati huohuo, tangu Septemba 2025, wazazi wengi wanaofanya kazi wanagharamiwa na serikali saa 30 za malezi kwa wiki katika majuma ya shule kuanzia mtoto anapofikisha miezi 9. Watoto wapo, wazazi wanatafuta, na miongoni mwao wako wazazi wetu ambao wangependa mtoto wao alelewe mahali atakapoambiwa pole akianguka.

Kwa hiyo naziomba jumuiya zetu za Watanzania na Wakenya katika miji ya huku, ambazo hukusanya watu kwa harusi, misiba na sikukuu za uhuru kwa ufanisi mkubwa, zitenge jioni moja au mbili kwa mwaka kwa ajili ya walezi. Haihitaji mtaalamu wala ukumbi wa kukodi. Anatosha mlezi mmoja aliyekwisha kukaguliwa, akae upande wa mkaguzi na kuuliza, na mwingine ajibu kwa sauti mbele ya wenzake mpaka ulimi uzoee.

Wazazi nao nina neno nao. Mkaguzi hutaka kusikia kutoka kwao, na mlezi analazimika kuwaarifu kwamba ukaguzi unakuja. Wazazi wa Kiingereza huandika ukurasa mzima; wa kwetu huniambia, "Dada, wewe unajua tunavyokushukuru," kisha wanakimbilia kazini. Shukrani hiyo mkaguzi haioni. Sentensi nne zinatosha, hata zikiwa na makosa ya Kiingereza: mtoto alikuwaje alipoanza, sasa anafanya nini nyumbani ambacho hakukijua, mlezi anakuelezaje jioni unapomchukua, na ulipokuwa na wasiwasi alikusikilizaje. Ziandike usiku, umpe mlezi asubuhi unapomleta mtoto.

Jina na anwani yangu unavyo, Mhariri.

Mlezi wa watoto nyumbani,
Reading, Uingereza